Dawa ya mafuta katika nyumba ya mtu mwembamba

LIKASI, Haut-Katanga – Katika komine ya Kikula kuna mzee mmoja ambaye kila jioni, akiisha kula bukari, anafungua mgongo wa redio ya zamani na kutoa ndani yake kiboksi cha dawa. Anameza kidonge kimoja na maji, anarudisha kiboksi mahali pake na kufunga redio. Redio yenyewe haisemi tena tangu miaka. Majirani wanaita kinini hicho "dawa ya mafuta", na wanacheka, kwa kuwa mzee ni mwembamba kama ufito.

Ana miaka 64. Aliomba jina lake lisitajwe, lakini habari yake aliitoa kwa moyo, maana anasema wako wengi katika mji waliopewa dawa hiyo na kuiacha kimyakimya kama yeye alivyoiacha.

Kwa miaka 19 alifanya kazi katika viwanda vya Shituru. Wakati ule mfanyakazi wa Gécamines akiugua, alienda hospitali ya kampuni na kadi yake, mke na watoto vilevile, na bei ya dawa hakuna aliyeiuliza. Watu waliita kampuni baba na mama. Mwaka 2003 akawa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliokubali kuondoka kwa hiari na kupokea malipo ya mwisho. Neno hilo "hiari", wengi wao wanalibishia mpaka leo. Tangu hapo anaunganisha vyuma nyumbani: milango, madirisha, vitanda. Mteja akija, kuna chakula. Asipokuja, wanangojea.

Nyumba ina watu tisa. Watano kati yao ni mdogo wake wa kike na watoto wake wanne, waliofika 2013 kutoka upande wa Mitwaba, wakati Bakata Katanga walipokuwa wakichoma vijiji katika sehemu ile kati ya Manono, Mitwaba na Pweto ambayo watu waliiita pembetatu ya kifo. Walikuja kwa siku chache. Wako bado.

Siku moja ya Mungu, mwezi wa tatu, mzee alikuwa anakula. Tonge la bukari likamwanguka. Akajaribu kuliokota, vidole vikakataa. Akataka kusema, ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka kama ya mlevi, na mdomo ukaenda upande. Kisha dakika karibu ishirini kila kitu kikarudi: mkono, ulimi, uso. Akaendelea na chakula chake. Jirani mmoja akasema ni watu wenye wivu juu ya kazi yake ya vyuma. Mwingine akasema ni jua. Mdogo wake hakusema neno; alitoka nje akaanza kulia.

Yeye alikuwa ameuona uso ule mbele. Mume wake alikuwa mtu wa tansio, na dawa zake alizitunza katika sanduku la chuma kule kijijini. Siku ya kukimbia walibeba watoto na sufuria. Sanduku likabaki. Mume alifika Likasi kwa miguu, akaishi miezi saba akisema yuko muzima, asubuhi moja akapooza upande mzima wa kuume, na kisha siku nne akazikwa.

Mke wa mtoto wa mzee ndiye aliyekata shauri. Asubuhi alimpandisha moto mpaka kwa munganga. Munganga aliwagombeza kidogo: jambo kama hilo likimpata mtu, apashwa kufika siku ileile, hata kama limekwisha kupita, kwa kuwa siku za kwanza zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili, ule ugonjwa ambao huku unaitwa AVC.

"Papa, hiyo ilikuwa hodi," alimwambia. "Mwenyewe hajaingia bado."

Wakampima. Tansio 17 kwa 10. Sukari haikuwa na neno. Kolesteroli ya jumla 271, na ile inayoitwa LDL, ambayo ndiyo mbaya, 188. Kwa mtu aliyekwisha kupigiwa hodi, waganga wanatafuta kuishusha LDL mpaka karibu na 70. Mzee akatoka na dawa tatu katika karatasi: ya tansio, aspirini kidogo, na atorvastatini ya miligramu 40, kidonge kimoja kila siku, bila kusema itaisha lini.

Dawa mbili za kwanza alizielewa. Hii ya tatu ndiyo iliyoleta maneno nyumbani.

"Yaya, hii dawa ni ya nini?" mdogo wake aliuliza.

"Ya mafuta katika damu."

"Mafuta gani? Wewe hauko hata munene."

Swali hilo si la kijinga. Katika Kiswahili "mafuta" ni mengi: yaliyo katika chupa jikoni, yaliyo katika taa, yaliyo chini ya ngozi ya mtu aliyenenepa. Kolesteroli ni kitu kingine. Ni kama nta ambayo mwili wenyewe unaihitaji kwa kujenga sehemu zake ndogo, na sehemu kubwa zaidi haitoki katika sahani, inatengenezwa na ini. Mtu anaweza kuwa mwembamba, anakula mara moja kwa siku, na ini lake likatengeneza kupita kiasi, au likashindwa kuiondoa katika damu. Uzee unaongeza, ukoo unaongeza. Na mishipa ya mzee huyu ilikuwa na taabu nyingine mbili za kusaidiana na kolesteroli: tansio, na sigara alizovuta miaka yote ya Shituru.

Ndiyo kusema kidonge hiki hakikondeshi mtu. Hilo linapaswa kusemwa wazi, kwa sababu wako wamama mjini waliosikia jina "dawa ya mafuta" na kutuma watu wawanunulie ili tumbo lipungue. Tumbo halitapungua. Na kwa mwenye mimba au anayenyonyesha ni dawa ya kuepuka, isipokuwa munganga wake ameamua vingine.

Wako pia wanaosema kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu na wakubwa. Maneno hayo yana mzizi. Mwaka 1959 waganga wawili, Shaper na Jones, waliandika kutoka Kampala kwamba kolesteroli ya Waafrika waliowapima Uganda ilikuwa chini, na kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwao, ambapo Wahindi wa nchi ileile ulikuwa unawaua. Ngozi haikuwa sababu: ilikuwa chakula, na kazi, na maisha. Sasa mtu wa Likasi anapanda moto hata kwa kwenda kununua chumvi, michopo inachomwa kila pembe, sigara inauzwa moja moja, na wazee wanafika umri ambao babu zao wengi hawakuufika. Kile kilichowalinda watu wa 1959 hakikuandikwa katika damu.

Jikoni kulikuwa na vita vidogo. Munganga alikuwa ametaja mawese. Mdogo wa mzee, ambaye sombe lake linajulikana barabara nzima, alisikia vibaya: "Basi mawese yangu ndiyo inakuua? Miaka yote hii nilikuwa ninakupa sumu?" Ilichukua siku tatu kumtuliza. Ukweli ni kwamba mawese haina kolesteroli hata chembe. Hakuna mafuta ya mmea yenye nayo. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina ile inayofanya kolesteroli ya damu ipande. Basi hawakuitupa. Walipunguza: vijiko viwili mahali pa kikombe, karanga zaidi, maharagi zaidi. Mzee anasema sombe halina tena ladha ileile, na anasema hivyo mdogo wake akiwa mbali.

Juu ya dawa yenyewe, mzee alikuwa na wazo lake kutoka kiwandani. Kule Shituru alikuwa ameona mabomba yanayojaa ukoko mpaka maji yanapita kama uzi, na namna ya kuyasafisha. Akafikiri kidonge kinafanya vile: kinaingia, kinasugua, mwezi mmoja bomba linakuwa safi, mtu anaacha. Si vibaya kama wazo, lakini mshipa si bomba la chuma. Mafuta hayakai ndani ya njia ya damu kama ukoko. Yanaingia katika ukuta wa mshipa na kufanya kama kidonda kilichofunikwa na ngozi nyembamba. Siku ngozi hiyo inapasuka, damu inaganda pale, njia inafungwa. Ikiwa ni katika moyo, ni moyo. Ikiwa ni katika ubongo au mshipa wa shingo unaoupelekea damu, ni AVC. Statini inaizuia ini isitengeneze kolesteroli nyingi. Ini likikosa, linajichotea LDL katika damu, na damu inabaki na kidogo. Kidonda cha ukutani kinatulia, ngozi yake inakuwa ngumu. Lakini ini halisahau kazi yake. Siku dawa inapoachwa, linaanza tena.

Mwezi wa kwanza alimeza vidonge vyote 30. Mwezi wa pili vilevile. Mwezi wa tano ulipokaribia kuisha, mtoto wa pili wa mdogo wake alikuwa anamaliza masomo na pesa za Examen d'État zilikuwa hazijapatikana. Mteja wa dirisha alikuwa amechukua dirisha na kuahidi kulipa. Mzee akahesabu. Dawa ya tansio hakuigusa, kwa sababu mashine ya kupimia tansio iko kwa jirani na namba zinaonekana. Aspirini ni rahisi. Ile ya mafuta haikuwa na namba ya kuonyesha, haikuwa na maumivu ya kukumbusha. Akaiacha, hakumwambia mtu, na pesa akazitia katika mkono wa kijana.

Nani atasema alikosea? Kijana yule alifika Likasi akiwa mtoto mdogo, na shuleni aliitwa "mukimbizi" mpaka darasa la sita. Matokeo yalipotoka alikuwa na asilimia 56. Walimmwagia poda nyeupe kichwani kama desturi, wakamzungusha barabara nzima kwa nyimbo, na mzee alicheza pamoja nao mpaka jasho likamtoka. Tangu mwezi wa tano mpaka siku ile ya poda hakuwa amemeza hata kidonge kimoja.

Mwezi wa tisa alirudi kwa munganga. Kolesteroli 265. Munganga alitazama karatasi, akamtazama mzee.

"Papa, uliiacha lini?"

"Docta, hakuna kitu nilikuwa nasikia."

Hilo ndilo fumbo la dawa hii, na linawashinda watu wenye akili. Mtu wa malaria anameza dawa siku tatu. Homa inashuka, anajua imefanya kazi. Mtu wa kichwa anajua. Statini haimwambii mtu kitu. Ikifanya kazi vizuri, jambo ambalo lingetokea halitokei, na hakuna anayeweza kuona kitu ambacho hakikutokea. Ndiyo maana ilihitaji watu wengi kwa kuthibitisha. Mwaka 1994 ulitoka utafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya juu ya watu 4,444 waliokuwa na ugonjwa wa moyo. Nusu yao walipewa simvastatini, ndugu ya dawa ya mzee. Nusu walipewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa. Kisha miaka mitano na zaidi, katika kundi lisilo na dawa walikuwa wamekufa 256. Katika kundi la dawa, 182. Tofauti ni watu 74. Hakuna hata mmoja wa hao 74 anayeweza kusimama na kusema, mimi ndimi niliyeokolewa. Pengine waliokuwa muzima waliendelea kulalamika juu ya ladha ya chakula.

Munganga alimweleza mambo hayo polepole, akachora na ini juu ya karatasi. Mzee alikuwa bado na neno moja: wakati alipomeza, mabega na mapaja yalikuwa yanamuuma. Ni kweli kwamba statini inaweza kuumiza misuli. Lakini uchunguzi mkubwa uliokusanya majaribio mengi na kutoka 2022 uligundua kwamba zaidi ya mara 9 katika 10, maumivu ya misuli ambayo watu waliyasema hayakutokana na dawa. Waliomeza kidonge kitupu waliumwa karibu sawasawa. Munganga aliuliza ni siku zipi zinauma. Mzee akafikiri: ni siku za kubeba vyuma. Hata hivyo alipewa onyo ambalo kila mwenye dawa hii apaswa kulishika: misuli ikiuma sana bila kazi, ikilegea, na mkojo ukawa na rangi ya chai nzito, asimeze tena, aende hospitali siku hiyohiyo. Na anaponunua dawa nyingine aseme anachomeza, kwa kuwa erythromycini na clarithromycini, ambazo farmasi nyingi zinauza bila kuuliza, pamoja na baadhi ya dawa za ukimwi, zinaweza kuizidisha statini mwilini mpaka ikawa hatari.

Bei nayo si ile ya zamani. Statini ya kwanza ilipatikana Japani katika miaka ya 1970. Mtaalamu Akira Endo aliitoa katika kuvu ya jamii ya ile iliyotoa penisilini, kisha kujaribu kuvu za maelfu. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa ya nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani liliitia simvastatini katika orodha ya dawa za lazima 2007, na atorvastatini ilianza kutengenezwa na viwanda vingi baada ya haki ya mwenye nayo kuisha huko Marekani 2011. Sasa inatoka India kwa bei ambayo fundi wa vyuma anaweza kuifikia. Kuifikia kila mwezi, mpaka mwisho wa maisha, ndilo jambo jingine, na kampuni iliyokuwa inalipa hailipi tena.

Akaanza upya. Wiki ya tatu akaona kiboksi kinapungua haraka. Alihesabu: vidonge tisa havipo. Alifikiri ni watoto. Jioni ile mdogo wake alikuja mwenyewe kuketi karibu naye.

"Yaya, ni mimi. Miguu inavimba, kichwa kinazunguka. Nilisema kama dawa inalinda wewe, italinda na mimi. Nilimuona baba ya watoto vile alikufa. Sina feza ya kwenda kwa munganga."

Mzee hakukasirika, au alikasirika akanyamaza, yeye mwenyewe hajui. Juma lile mteja wa dirisha akaishia kulipa nusu, na nusu hiyo ilimpeleka mdogo wake kupimwa. Tansio 18 kwa 11. Kolesteroli yake ilikuwa sawa. Vidonge tisa alivyochukua havikumsaidia kitu, na ugonjwa uliokuwa wake, ule wa mume wake, ulikuwa umekaa naye nyumbani bila dawa kwa muda usiojulikana. Sasa ana dawa zake mwenyewe. Ni siku hiyo kiboksi cha mzee kilipoingia katika redio, kwa makubaliano ya wawili, ili asije mtu mwingine wa nyumba akajitibu nacho.

Mama huyo ana neno kwa familia zilizokimbia na zile zinazokimbia bado. Anasema angeweza kurudisha saa, angebeba lile sanduku la chuma kabla ya sufuria. Na kama sanduku haliwezekani, basi karatasi: jina la dawa, miligramu, mara ngapi kwa siku. Sasa karatasi hizo mbili, ya kwake na ya kaka yake, zimeshonwa ndani ya kitambaa pamoja na kadi za uchaguzi na diploma ya kijana.

Kijana mwenye diploma hajapata kazi ya diploma. Anaendesha moto ya mtu mwingine, na kila siku ya tano, akiisha kurudisha pesa za mwenye moto, anapita farmasi na kununua plaketi moja ya mjomba wake, vidonge kumi, na moja ya mama. Juma lililopita alileta plaketi nyingine. Muuzaji alikuwa amemwambia ni kitu kimoja. Mzee alivaa miwani, akaigeuza chini ya taa: simvastatini, 20. Si jina lake, si namba yake.

"Rudia," alimwambia kijana. "Mwambie si hii. Kama hana ile, akurudishie feza, utazame kwa mwingine."

Ilikuwa giza na mvua ilikuwa karibu. Kijana alilalamika kidogo, akawasha moto, akaenda.